Skii za kujitengenezea na basi la kwenda kumuona Obama akiapishwa: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa, mwenye haraka asome hapa aende zake. Skii za mbao za kujitengenezea mwenyewe, zile mbao mbili ndefu nyembamba unazofunga miguuni kutelezea juu ya theluji, nazipa nyota tano. Basi la kukodi lililotupeleka Washington Januari 2009 nalipa mbili, na hizo mbili nampa dereva maana alikuwa muungwana sana. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu yalitoka msimu mmoja wa baridi na mfuko mmoja, alafu nguo zilezile nilizonunua kwa ajili ya skii ndizo zilizonisimamisha pale National Mall, ule uwanja mrefu wa wazi mbele ya bunge, tangu alfajiri mpaka Obama anakula kiapo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Minneapolis, jimbo la Minnesota, nilifika kwa ajili ya kazi. Baridi ya kule si mchezo jamani, maziwa yanaganda mpaka watu wanaegesha magari juu yake wakivua samaki kwa tundu, na ukijifungia ndani toka Novemba hadi Machi unaanza kuugua bila ugonjwa. Nilitaka kitu cha kunitoa nje. Seti nzima ya dukani, yaani skii, viatu, fimbo, bei yake ilinishtua, lakini jirani yangu mmoja mzee, babu zake walitoka Norway, alikuwa na karakana nyuma ya nyumba na alikuwa anawafundisha watu kujitengenezea, unalipia mbao na vifaa na kitu kidogo cha karakana basi. Minnesota imejaa watu wa asili ya Norway, hata Sondre Norheim wa Telemark huko Norway, yule anayeitwa baba wa skii za kisasa, alihamia Marekani 1884, akapitia Minnesota na kufia North Dakota 1897. Kwa hiyo mzee yule ufundi alikuwa nao wa kurithi.

Sasa kazi yenyewe. Tulitumia mbao ya mti unaoitwa ash, ngumu lakini inapinda. Kitu cha kwanza mzee alichonifundisha ni kuangalia nyuzi za mbao, ziwe zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho, pasiwe na kifundo hata kimoja, kwa sababu pale kwenye kifundo ndipo itakapovunjika, na itavunjika ukiwa mbali na nyumbani. Urefu unapimwa kwa mkono, unasimama unanyoosha mkono juu, skii ifike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Alafu ni randa, randa, randa. Nene katikati unapokanyaga, nyembamba kuelekea ncha zote mbili, na chini unachimba mfereji mmoja wa katikati unaofanya skii iende moja kwa moja isiyumbe pembeni.

Kuipinda ncha ndio sehemu iliyonikaba koo. Unaitumbukiza kwenye maji yanayochemka kama saa nzima, unaitoa haraka, unaibana na klampu kwenye kalibu, na hapo huna muda wa kufikiri maana mbao ikipoa tu imegoma. Unaiacha ikauke siku kadhaa. Na katikati nako si bapa, kuna upinde. Ukiziweka skii mbili zikitazamana tumbo kwa tumbo unaona mwanya katikati, na huo mwanya ndio akili yote ya skii za tambarare, yaani za kwenda mwendo mrefu na si za kushukia mlima: ukiweka uzito wako wote juu ya mguu mmoja upinde unalala, ile nta ya kushika iliyopakwa chini ya unyayo inagusa theluji na unapata pa kujisukumia, ukigawa uzito miguu yote miwili upinde unanyanyuka na unateleza. Hata zikikaa stoo unazifunga pamoja na kipande cha mbao katikati ili upinde usipotee. Mimi nimesoma fizikia shule lakini siku ile ndio niliona nguvu na msuguano kwa macho yangu.

Mwisho ni lami ya paini, sio ile ya barabara, hii inatoka kwenye mti wa paini. Unaipaka chini ya skii, unaipitishia moto wa bomba la gesi mpaka inatoa mapovu inazama ndani ya mbao, unafuta, unarudia. Harufu yake, wallahi, sijapata kuisahau, ni moshi na utomvu pamoja, inashika kwenye sweta mpaka mwezi unaisha na mimi nilikuwa sitaki kulifua.

Zinatelezaje? Vizuri sana kwenye theluji ya kawaida. Nilikuwa naenda Theodore Wirth Park, bustani kubwa ya Minneapolis, njia zipo zimechongwa tayari, na watu walikuwa wananisimamisha kuniuliza nimezinunua wapi. Lazima ujue nta zako, kijani ni ya baridi kali, bluu ya baridi ya wastani, nyekundu theluji inapoanza kulowa, ukikosea rangi ama unarudi nyuma kwenye kila kilima ama theluji inaganda chini ya skii unatembea na tofali. Na ni nzito kuliko za dukani, hilo nalisema wazi. Katikati ya Januari 2009 ikaingia baridi ya kutisha, chini ya nyuzi 20 hasi za Selsiasi, na kwenye baridi hiyo hakuna skii inayoteleza vizuri, theluji inakuwa na mkwaruzo wa mchanga mkavu, iwe mbao iwe plastiki.

Wakenya wenzangu walikuwa wananiuliza mtu mweusi na skii wapi na wapi. Nikawaambia Philip Boit alishatangulia. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akaenda Finland kujifunza, na kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, 1998 alishindana skii kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway aliyechukua dhahabu akamsubiri kwenye mstari kumkumbatia. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Nikiikumbuka hiyo hadithi kifua kinajaa mpaka leo.

Haya, sasa lile basi la Washington. Kampuni siitaji. Tiketi ilikuwa dola mia mbili na kitu, kwenda na kurudi, tukaondoka Jumapili tarehe 18 mchana kupitia Wisconsin, Chicago, Indiana, Ohio, ni zaidi ya kilomita 1,700. Tuliahidiwa joto, choo na kushushwa karibu. Joto la viti vya nyuma lilikata Ohio usiku, na nyuma ndiko walikokaa wazee kwa sababu waliambiwa kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Choo kikafungwa kabla ya Pennsylvania. Niliinuka nikamwambia mama mmoja mtu mzima, wa Kisumu, shikamoo mama njoo ukae kwangu mbele, akasema marahaba mwanangu, mimi baba yake huyu mtoto anayeapishwa alikuwa mtu wa kwetu, hata nikifika nimeganda nitafika. Nikambembeleza mpaka akakubali, nikampa na soksi zangu za sufu za akiba. Kampuni inayochukua pesa za watu wa umri ule ingekagua hita kabla ya safari, hilo silisamehe.

Jumanne tarehe 20 tukashushwa uwanja wa michezo wa RFK, Washington, gizani. Mabasi mengi ya kukodi yaliegeshwa huko, kwa hiyo mahali penyewe sio kosa lao, kosa ni kutotuambia kwamba kutoka hapo hadi Capitol, jengo la bunge anapoapishiwa rais, ni kama kilomita 3 na sisi tusio na tiketi za ndani tunatakiwa kuzunguka mpaka upande wa pili. Na hao wenye tiketi nao msiwaonee wivu, tiketi zilikuwa za bure kupitia wabunge na maseneta, za rangi rangi, na maelfu ya wenye zambarau walikwama kwenye handaki la Third Street mpaka kiapo kikapita. Sisi tukatembea, mama wa Kisumu katikati yetu, tukapata pa kusimama karibu na ule mnara mrefu wa Washington Monument, mbele ya skrini kubwa.

Saa sita mchana ilikuwa kama nyuzi 2 hasi tu, kwa mtu wa Minnesota hiyo ni hali nzuri, lakini upepo ulikuwepo na kusimama ni tofauti na kuteleza. Ukiwa kwenye skii mwili unajipasha, ukisimama baridi inapanda kutoka ardhini. Watu waliovaa pamba na viatu vya kubana nilikuwa nawaona wanalia. Sisi tulivaa sufu ndani, buti zilizozidi namba moja, na chini ya nyayo tulitandika maboksi yaliyofunguliwa, hiyo mbinu nilipewa na yule mzee wa skii.

Mwanamuziki Aretha Franklin akaimba na ile kofia yake ya kijivu. Mbele yetu dada mmoja alikuwa amejifunga juu ya koti leso yenye sura ya Obama, imeandikwa Hongera Barack Obama na chini Upendo na amani ametujalia Mungu, nikajikuta namsalimia kwa Kiswahili kabla hata ya kufikiri. Jaji Mkuu Roberts akakosea mpangilio wa maneno ya kiapo, wakaja kukirudia kesho yake Ikulu. Alafu kwenye hotuba Obama akasema kwamba mtu ambaye baba yake, chini ya miaka 60 nyuma, pengine asingehudumiwa kwenye mkahawa wa mtaani, leo amesimama kula kiapo. Mama wa Kisumu akanishika mkono, akaubana, hakusema kitu, na mimi machozi yalinitoka sikuyazuia.

Kwa hiyo, skii: kama una mtu wa kukufundisha na uvumilivu wa randa, tengeneza, zangu bado zinateleza, kila mwaka kabla ya theluji napaka lami upya. Basi la kukodi kwa sherehe kama hiyo: panda, usiogope umbali, lakini kabla ya kulipa omba kuwasha hita ukiwa umekaa kiti cha nyuma kabisa, uliza choo, na upewe kwa maandishi mnashushwa wapi na kurudi mnapandia wapi, maana siku ile kwa wingi wa watu simu zilikuwa hazishiki.