Kusafisha gari kwa kina, ndani na nje: kifurushi kipi kinastahili pesa yako

Bango la kituo cha kuoshea magari Dar es Salaam au Mombasa siku hizi limejaa majina: polishi, nano, seramiki, kusafisha siti, kuosha injini. Mteja hulinganisha bei kwa jina la chupa, na hapo ndipo anapopigwa. Pesa yako inanunua saa za fundi na maandalizi ya kabla ya chupa kufunguliwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kituo chochote ni hili: gari litakaa kwenu saa ngapi, na mtafanya nini kwanza?

Tumepanga vifurushi kwa kuangalia gari ambalo wengi wanaendesha: la mtumba kutoka Japani, linalolala nje, linalokula jua, vumbi na chumvi ya pwani.

Namba 1: ndani kwa kina, pamoja na polishi ya hatua moja

Hiki ndicho kinachowafaa wengi. Gari dogo kama IST au Vitz linataka siku nzima. Noah au Prado huvuka hadi siku ya pili. Kituo kinachokuahidi yote haya kwa saa mbili kuna hatua kimeruka.

Nje huanza na rimu, zikiwa na ndoo na brashi zake peke yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Kisha bodi inapigwa maji ya presha, povu linakaa dakika 3 hadi 5 kivulini na kusuuzwa, ndipo glavu iguse rangi. Ndoo ziwe mbili, ya shampuu na ya kusuuzia glavu. Ukiona sabuni ya unga ya kufulia na tambara lile lile likitoka kwenye tairi kwenda kwenye bonneti, chukua ufunguo wako uondoke. Sabuni hiyo inavua nta, na mchanga ulionasa kwenye tambara ndio unaochora ile miduara inayoonekana jua likipiga.

Inafuata dawa ya kutoa chuma, inayogeuka zambarau inapokutana na chembe, halafu klei (kinata laini kama udongo kinachong'oa uchafu ulioganda kwenye rangi) yenye kilainishi. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase bonneti: ukisikia chembechembe, klei bado haijapita vizuri. Klei ikianguka chini inatupwa, haiokotwi.

Polishi, yaani kusugua rangi kwa mashine na dawa (ya hatua moja ni kupita mara moja tu), ndiyo hatua ya kuwa makini nayo kuliko zote. Klia, lile tabaka la juu linalopitisha mwanga na kulinda rangi, ya kiwandani kwa kawaida ina mikroni 35 hadi 50 tu (mikroni 1,000 ni milimita moja), na rangi yote kwa pamoja ni karibu 100 hadi 150. Kila polishi inakula kidogo na haimrudishii mtu. Fundi anayejua kazi hupima unene kwanza. Mlango mmoja ukisoma 250 wakati mingine inasoma 120, huo umeshapigwa rangi upya. Uliza pia mashine anayotumia. Inayozunguka tu ina nguvu lakini mkono usio na uzoefu huunguza rangi kwenye kona na kingo za bonneti, mahali klia ni nyembamba. Inayozunguka huku ikitikisika ni salama zaidi kwa hatua moja. Mikwaruzo inayonasa ukucha haitoki kwa polishi, na anayesema ataitoa yote anataka kukumalizia klia.

Mwisho wa nje ni kinga. Nta ya karnauba kwenye joto letu hudumu wiki chache. Kinga ya sintetiki huweza kufika miezi 4 hadi 6, na ndiyo tunayopendekeza.

Ndani, kazi inashuka kutoka juu: dari, dashibodi, siti, kapeti. Dari husafishwa kwa povu kidogo na kitambaa, kwa sababu likiloa gundi inaachia na kitambaa kinaning'inia. Siti za kitambaa zinataka dawa, brashi laini, kisha mashine inayopuliza maji na kuyafyonza papo hapo. Maji ya ndoo ni hatari: sponji iliyo chini ya kapeti huyashika siku kadhaa, ukungu unaota, na plagi za umeme chini ya siti (za njano ni za mifuko ya hewa) zinaanza kuwasha taa za onyo. Siti za ngozi hazitaki sabuni ya kipande, inazikausha hadi zipasuke.

Kataa mafuta ya silikoni yanayong'arisha dashibodi. Yanavuta vumbi na kuakisi kwenye kioo cha mbele. Na kama gari linanuka AC ikiwashwa, mwambie fundi akague chujio la hewa, ambalo kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Marashi hayatibu chujio lililooza.

Namba 2: ndani peke yake

Pesa ikiwa haitoshi, anza hapa, hasa kama unabeba watoto. Lipia mashine ya kufyonza na muda wa kukauka, saa 24 milango ikiwa wazi kivulini.

Namba 3: seramiki

Ni kinga ya maji maji inayopakwa juu ya rangi na kukauka kuwa ngumu. Ni nzuri, ila inauzwa kwa watu wasioihitaji. Inafungia chochote kilicho chini yake, kwa hiyo ikipakwa juu ya miduara utaishi nayo. Inataka polishi kamili, rangi kufutwa kwa alkoholi, na banda lililofungwa lisilo na vumbi. Hupakwa eneo dogo dogo na kufutwa haraka; joto likiwa kali inakauka mapema na kuacha mabaka meusi yasiyotoka bila polishi nyingine. Gari lisiguse maji saa 24 na lisioshwe kwa shampuu siku 7. Haizuii mawe, na maji ya kisima yenye chumvi yakikauka juu yake huacha madoa magumu, hivyo lazima ulikaushe gari kila baada ya kuosha. Inunue kama rangi yako ni nzima na utakaa na gari zaidi ya miaka miwili.

Namba 4: taa za mbele zilizofifia

Husuguliwa kwa msasa wa namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi. Bila kupakwa kinga ya jua mwishoni zitarudi njano ndani ya miezi. Dawa ya meno haisaidii kitu cha kudumu.

Namba 5: kuosha injini

Iruke, isipokuwa kama kuna mafuta yanayovuja na unataka kujua yanatokea wapi. Injini iwe imepoa, altaneta, koili na sanduku la fyuzi vifunikwe. Dizeli na mafuta ya taa yasiguse mipira, huivimbisha.

Ya mwisho: "polishi ya nusu saa"

Ni mafuta yanayojaza mikwaruzo isionekane hadi mvua ya kwanza. Kabla ya kulipia polishi yoyote, mwambie fundi afute sehemu ndogo ya bonneti kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kisha mulika hapo kwa tochi ya simu ukiwa kivulini. Miduara ikirudi, usilipe bei ya polishi. Lipa ya kuoshwa.