Bodrum, Uturuki: wenzangu mnaoishia Istanbul, kuna kitu kinawapita

Hii naandikia hasa wenzangu wafanyabiashara wa Kikuubo na Owino pale Kampala, sisi tunaopanda ndege Entebbe kwenda Istanbul kuchukua nguo. Tunafika, tunazunguka Laleli na Osmanbey, mitaa ya nguo za jumla, mpaka miguu inavimba, mzigo tunaacha kwa watu wa kago, tunarudi nyumbani, na mtu akikuuliza Uturuki ikoje unamtajia bei ya jinzi kwa dazani. Wallahi tunajinyima. Safari ijayo ukibakiwa na siku mbili tatu kabla ya kurudi, chukua ndege ya ndani ushuke Bodrum, ni kama saa moja tu angani, uwanja unaitwa Milas-Bodrum na kutoka hapo kuna basi mpaka mjini. Ni mji wa pwani, nyumba zote nyeupe, maua ya zambarau yameanguka kwenye kuta, bahari iko mbele yako. Lakini sio bahari iliyonifanya niandike haya.

Kilichonifanya niandike ni ngome. Iko palepale bandarini, huwezi kuikosa. Walioijenga ni wapiganaji wa Kikristo, wale wa Mtakatifu Yohana waliokua na makao yao kisiwa cha Rhodes, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1400, halafu 1522 Sultan Suleiman wa Waosmani, watawala wa Kituruki wa zamani, alipowatoa Rhodes na hii pia ikatoka mikononi mwao. Baadaye Waosmani waliigeuza jela. Siku hizi ndani ni makumbusho ya vitu vilivyotolewa chini ya bahari, yaani meli zilizozama zamani na mizigo yake, na hapa ndo nilisimama nikasahau hata kupiga picha.

Kuna chumba cha meli inaitwa Uluburun. Hiyo meli haikuzama Bodrum, ilizama upande wa Kaş, mji mwingine wa pwani, mbali kidogo, ila vitu vyake vililetwa hapa. Ina miaka kama 3,300 hivi. Mwaka 1982 mzamiaji mmoja aliyekua anatafuta sponji za baharini alirudi juu akasema ameona biskuti za chuma zenye masikio, na wataalamu waliposikia hivyo wakajua mara moja ni nini, ni vipande vya shaba ghafi vya kusafirishwa kwa biashara, vina pembe nne za kushikia. Wakaanza kuzamia 1984 wakamaliza 1994, zaidi ya mara 22,000 watu walishuka huko, na ni mbali, mita 44 mpaka 61, kwahiyo mtu alikua anakaa chini dakika 20 tu, mara mbili kwa siku, basi. Mimi nikisoma hivyo nilihesabu kichwani ule uvumilivu nikachoka mwenyewe.

Sasa sikia mzigo wenyewe. Tani 10 za shaba. Tani 1 ya bati. Vipande vya kioo vya rangi ya buluu iliyokolea, mitungi, meno ya kiboko, pembe ya ndovu, dhahabu, na kuna kidude kidogo cha dhahabu chenye jina la Nefertiti malkia wa Misri. Na mitungi mikubwa ya udongo ambayo ndani yake walipanga vyombo vingine vidogo, vimeshikana vizuri visivunjike. Mtu yeyote aliyewahi kufunga bando la viatu kwa ajili ya kago anaelewa ile akili, unajaza kila nafasi manake nafasi ni pesa.

Halafu mizani. Walikuta vipimo vya uzito vingi sana, vingine vimetengenezwa kwa umbo la wanyama, ng'ombe, simba, chura, bata, na wataalamu wanaona kwamba ndani ya ile meli kulikua na wafanyabiashara zaidi ya mmoja, kila mtu na seti yake ya vipimo. Wazi kabisa! Hakuna mfanyabiashara anayeamini mizani ya mwenzake. Kuna na vipande vya dhahabu na fedha vilivyokatwakatwa, na ukiwa na mizani na vipande vya hivyo unaweza kulipa mtu bila noti wala sarafu.

Na kilichonigusa zaidi ya vyote, kwenye huo mzigo kulikua na magogo ya mpingo. Mpingo huuhuu wetu wa Afrika, ule wanaochongea vinyago, ulikua bidhaa ya bei kwenye bahari hii miaka 3,300 iliyopita. Uliletwa kutoka nchi zilizo kusini ya Misri ukapita mikono mingi mpaka ukapakiwa. Tunafundishwa kama biashara ya mbali ilitufikia juzi, kumbe mzigo wa Afrika ulishaingia melini zamani hizo na ulihesabiwa pamoja na shaba na dhahabu. Nilitoka pale najisikia mrefu.

Ushauri wa hapo: ngome ni ngazi tupu, nyingi, mawe yanateleza, ukienda na mama au mzee wa nyumbani muende asubuhi jua likiwa bado dogo na mpumzike bustanini, kuna tausi wanatembea humo. Kiingilio kwa wageni sio cha kuchezea ila mimi nilikilipa bila kinyongo.

Kitu cha pili ni kaburi la Mausolus, alikua mtawala wa hapa, zamani mji uliitwa Halicarnassus. Alikufa mwaka 353 kabla ya Kristo, mke wake Artemisia (ambaye pia alikua dada yake, ndo ilivyokua kwao) akaendeleza ujenzi wa kaburi la mita kama 45 kwenda juu, likahesabiwa kwenye maajabu saba ya dunia. Leo? Shimo, mawe, vipande vya nguzo. Watu wengi wanatoka wamenuna. Matetemeko yaliliangusha, halafu wale wapiganaji wakachukua mawe yake kujengea ngome na marumaru nyingine wakaichoma wapate chokaa, na mwaka 1857 Mwingereza Charles Newton alikua anachimba hapo, sanamu nzuri zikaishia London. Kwa hiyo mimi nasema anza na kaburi ndo uende ngomeni, utakua unayaona yale mawe ya kijani na marumaru ukutani na unajua yametoka wapi. Ukienda kinyume utaona shimo tu.

Hapahapa Bodrum ndo alizaliwa Herodotus, yule Mgiriki wa historia. Alisafiri mpaka Misri akauliza watu Mto Nile unaanzia wapi, akakosa wa kumwambia kwa uhakika. Mtu wa Jinja, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, ukisimama pale bandarini ukafikiria hilo, unatabasamu wewe mwenyewe.

Mengine kwa haraka. Kuna uwanja wa maigizo wa kale juu ya mlima, mandhari yake ni mazuri, ngome na bahari yote unaiona chini. Vinu vya upepo vya mawe kati ya Bodrum na Gümbet, nenda jioni. Mashua za siku nzima ziko nyingi, wanakupeleka ghuba hadi ghuba unaogelea na chakula cha mchana humohumo, ila nilopanda mimi muziki ulikua juu sana hata kuongea na jirani haiwezekani, hivyo uliza kabla hujalipa kama ni mashua ya familia au ya disko. Mashua ya kwenda Kos kule Ugiriki zipo pia, lakini kwa pasipoti yetu lazima uwe na viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, usije ukapanga foleni bure. Na viza ya Uturuki yenyewe shughulikia mapema ukiwa Kampala. Saa hutabadilisha, wako sawa na sisi.

Kulala, kaa mbali na Cumhuriyet Caddesi, huo mtaa ni baa mpaka alfajiri. Kwa Muislamu chakula sio tabu, adhana unaisikia na nyama ni halali karibu kila mahali. Kula çökertme, ni vipande vyembamba vya nyama juu ya viazi vilivyokaangwa vikavu na mtindi, hicho ni chakula cha hapahapa. Julai na Agosti jua ni kali na bei zinapanda, Mei au Septemba ni afadhali mara kumi. Beba dola au yuro, shilingi yetu hakuna anayeitaka.

Na ukipata jioni moja ya ziada panda dolmuş mpaka Gümüşlük, hizo ni gari ndogo za abiria kama taksi zetu za Old Park, zinajaa zinaenda, ukitaka kushuka unamwambia dereva. Kule kuna samaki, meza ziko kando ya maji kabisa, na kuta za mji wa kale ziko chini ya maji. Samaki wanauzwa kwa kilo, kwahiyo mwambie akupimie na akutajie bei kabla hajamuweka motoni, na muulize dereva gari ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi kabla hujashuka.