Expressway ya Nairobi: ukiwa na haraka lipa, kama huna pita chini

Kama uko Westlands na una ndege ya asubuhi pale JKIA usijiulize mara mbili, panda Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, maana Mombasa Road ya chini ikishika jam hakuna maombi yatakusaidia. Ni kilomita 27 hivi mpaka Mlolongo, lami imetulia kabisa. Bei ndo inauma kidogo, ilipofunguliwa 2022 gari ndogo ilikuwa shilingi 360 safari yote, 2024 ikapanda hadi 500, na hiyo ni kwenda tu, kurudi unatoa ingine. Ukilipa keshi unapanga laini, wenye kile kidude cha kubandika kwa kioo wanapita tu kizuizi kinajiinua chenyewe, kwa hivyo kama hii ndo njia yako ya kazi nunua hicho. Ukishuka Westlands jioni lakini jam utaipata tu, hapo hakuna dawa. Na wanaosema kulipia barabara ni mambo mapya waulize wazee, toll zilikuweko miaka ya 80 na 90 kabla serikali ihamishie makato kwa mafuta, ndo maana Thika Road mpaka leo kuna steji inaitwa Toll na hulipi kitu. Bodaboda na tuktuk hamruhusiwi huko juu.