Tathmini ya huduma ya lishe katika wodi ya UVIKO-19: mpango mzuri, masinia yaliyorudi yamejaa

Baba yangu, mwenye umri wa miaka 72 na anayeishi na kisukari pamoja na shinikizo la damu, alilazwa kwa siku 12 kutokana na nimonia iliyosababishwa na UVIKO-19. Kwa kuwa wodi ile iliruhusu ndugu mmoja kuwa naye wakati wa milo akiwa amevaa mavazi ya kinga, nilipata nafasi ya kuitazama huduma ya lishe kwa karibu, mlo hadi mlo. Tathmini hii inahusu huduma hiyo peke yake. Matibabu mengine sina ujuzi wa kuyapima, nami nitayagusa pale tu yalipogusa sahani.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita nilivyotarajia. Siku ile ile ya kulazwa, muuguzi alimpima uzito kwa mizani ya kiti badala ya kumkisia kwa macho, akauliza alikuwa na kilo ngapi miezi mitatu iliyopita, kisha akauliza amekula kiasi gani katika wiki iliyotangulia. Baba alikuwa na kilo 60 na alikuwa akila chini ya nusu ya kawaida yake. Kwa kipimo kinachoitwa NRS-2002, ulaji huo ulimpa alama mbili, nimonia kali ikamwongezea mbili, na umri wa kuvuka miaka 70 ukaongeza moja. Mgonjwa anayefikisha alama tatu huhesabiwa kuwa katika hatari ya utapiamlo; yeye alikuwa na tano. Kesho yake asubuhi mtaalamu wa lishe alikuwa kando ya kitanda, akaandika katika faili lengo la kilokalori 1,620 na angalau gramu 60 za protini kwa siku, yaani kilokalori 27 na gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito, kama inavyopendekezwa na mwongozo wa chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, ESPEN, uliotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya wagonjwa wa virusi hivi.

Wapo watakaouliza kwa nini hesabu zote hizi zifanywe kwa mtu anayehangaikia pumzi. Homa huongeza matumizi ya nguvu mwilini, kupumua kwa shida nako huitumia, na mgonjwa aliyelala kitandani hupoteza misuli kwa haraka, ikiwemo ile anayoihitaji ili akohoe na kuvuta hewa. Wakati huo huo virusi humwondolea hamu, harufu na ladha. Utafiti uliofanyika katika hospitali nane za Uswisi na kuchapishwa mwaka 2019, kabla ya ugonjwa huu kujulikana, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 wa wodi za kawaida waliokuwa katika hatari ya utapiamlo: miongoni mwa waliopangiwa lishe kulingana na mahitaji ya kila mmoja walikufa takriban 7 kwa kila 100 ndani ya siku 30, na miongoni mwa waliokula chakula cha kawaida cha hospitali walikufa takriban 10. Kwa hiyo sikuona kuwa wodi ile ilikuwa ikitupotezea muda.

Lakini lengo lililoandikwa katika faili halishibishi mtu, na hapo ndipo huduma ilipoanza kupwaya. Chakula cha mchana kililetwa saa ileile ambayo baba alikuwa amelazwa kifudifudi ili mapafu yake yapate hewa vizuri zaidi. Sinia liliwekwa juu ya meza, likapoa, na baada ya saa moja mhudumu wa jikoni akaja kulichukua bila kulifunua. Jambo hili lilijirudia siku tatu mfululizo. Jikoni walikuwa na ratiba yao, wauguzi wakawa na yao, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuzilinganisha. Kosa la pili lilifanana na hilo: siku za mwanzo baba alikuwa akipumua kwa barakoa ya oksijeni, na mtu aliyevaa barakoa hawezi kula, akiivua, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinashuka kabla hajameza kijiko cha tano. Siku ya nne muuguzi wa zamu ya jioni, baada ya kushauriana na daktari, alimbadilishia mirija midogo ya puani kwa muda wa mlo tu, akakaa naye huku akitazama kipimo. «Mzee, pumzika kwanza, kisha tumalizie hivi vitatu,» alimwambia, na kwa mara ya kwanza sahani ikarudi nusu tupu. Namsifu muuguzi huyo kwa moyo wote, ila jambo hilo lilipaswa kuwa utaratibu wa wodi na si busara ya mtu mmoja.

Chati ya ulaji ilikuwepo, na hili ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwa sababu ilijazwa kwa kile kilicholetwa. Kwa mujibu wa chati, baba alikula milo mitatu kamili siku ambayo mimi mwenyewe nilihesabu vijiko vyake. Nilipomweleza mtaalamu wa lishe, hakujitetea. Aliagiza milo midogo sita badala ya mitatu mikubwa, mchana wake uletwe baada ya baba kugeuzwa, na kiasi kilichobaki ndicho kiandikwe. Tangu siku hiyo, ambayo ilikuwa ya tano, mambo yalinyooka.

Kinywaji cha kuongeza lishe kinastahili kutajwa. Alipewa chupa mbili kwa siku, kila moja ya mililita 200 yenye kilokalori 300 na gramu 20 za protini, kiasi kinachozidi kile cha chini cha kilokalori 400 na gramu 30 kinachopendekezwa na mwongozo niliokwisha kuutaja. Mara ya kwanza aliikataa kwa kuwa ilikuwa vuguvugu na tamu mno kwa ulimi uliokuwa umebaki kuhisi utamu tu. Ilipopozwa, akainywa kidogo kidogo kati ya milo badala ya kabla yake, haikumkata hamu ya chakula, wala haikupandisha sukari ghafla. Hilo la sukari halikuwa dogo: deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe aliyokuwa akipewa, huipandisha hata kwa asiye na kisukari, na wodi ilimrekebishia insulini pasipo kumpunguzia chakula. Niliuliza pia kuhusu vidonge vya vitamini vya dozi kubwa ambavyo ndugu walikuwa wakitaka kuvileta. Jibu lilikuwa fupi: upungufu ukionekana utatibiwa, lakini dozi kubwa hazijathibitika kumponya mtu ugonjwa huu.

Kwa kitanda cha jirani niliona jambo jingine jema. Mgonjwa aliyerejea kutoka chumba cha wagonjwa mahututi, baada ya kuondolewa mpira wa kupumulia, hakupewa hata maji kabla ya kupimwa uwezo wake wa kumeza, kwani koo lililokaa na mpira huweza kupeleka chakula mapafuni.

Kwa huduma nzima natoa nyota tatu kati ya tano. Kama ningeanza kuhesabu siku ya tano, ningetoa nne. Nyota ya tano ingebaki kwa sababu ya namna tulivyoruhusiwa kwenda nyumbani. Baba alitoka akiwa na kilo 57, akapewa chupa za wiki moja, ilhali mwongozo unataka kinywaji hicho kiendelee kwa angalau mwezi mmoja, na barua ya kuruhusiwa haikuwa na neno lolote kuhusu uzito wala tarehe ya kupimwa tena. Niliirudisha barua dirishani. Mtaalamu wa lishe aliitwa, akaongeza chupa za wiki tatu na kuandika tarehe ya mizani kwa kalamu pembeni mwa ukurasa.