Vitabu vya Matengenezo ya MGB: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Gari la spoti la MGB liliundwa mjini Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na magari yaliyotoka kiwandani yalipita nusu milioni. Kwa wingi huo, vitabu vya kulitengeneza havijaadimika, na tatizo la mnunuzi ni kuchagua. Kabla ya kutoa fedha, hakikisha unajua gari lako ni la mwaka gani. Injini ilibaki ya sentimita za ujazo 1798 miaka yote, lakini hadi 1964 krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikalia beringi kuu tatu, kisha zikawa tano. Hadi 1967 bodi iliungwa na upande chanya wa betri na umeme ukatoka kwenye dinamo. Baadaye bodi ikaungwa na upande hasi, na alteneta ikachukua nafasi ya dinamo. Mwenye gari la 1965 anayefuata kitabu kinachoeleza magari ya miaka ya 1970 peke yake anaweza kuunga betri kinyume, na kosa hilo haliishii kwenye fyuzi.

Nafasi ya kwanza naipa kitabu rasmi cha kiwanda, ambacho wachapishaji Brooklands Books wamekichapisha upya. Humo ndimo vilimo vipimo vyote, viwango vya kukaza nati na utaratibu wa kukaza zile za silinda hedi, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kiliandikwa kwa fundi aliyekwisha kufunzwa, kwa hiyo hutakiwi kushangaa kinapokuagiza utumie kifaa maalumu chenye namba inayoanza na 18G kana kwamba kimetundikwa ukutani kwako. Kwa gari la kabla ya 1975, toleo la Bentley, mchapishaji wa Marekani, linalohusu 1962 hadi 1974 ni chaguo bora zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu limeunganisha kitabu cha dereva, kitabu cha karakana na maelekezo ya kuongeza nguvu za injini katika jalada moja.

Cha pili ni Haynes. Kampuni hiyo ilitoa kitabu chake cha kwanza cha aina hii mwaka 1966, kikihusu Austin-Healey Sprite, na desturi yake imekuwa kulifungua gari lenyewe na kulifunga tena huku kazi ikipigwa picha. Kwa anayeanza, picha ya mkono ulioshika spana mahali panapohusika inasaidia kuliko aya nzima ya maelezo. Upungufu wake ni kwamba kimebeba miaka yote 18 pamoja, na tofauti za matoleo zimebanwa katika nafasi ndogo. Anayeweza kununua kimoja tu, na hajawahi kufungua kabureta za aina ya SU, aanze na hiki. Kile cha kiwanda kifuate.

Cha tatu ni katalogi ya spea, ambayo wengi huipuuza bila sababu. Michoro yake inaonyesha kila wosha na kila springi kwa mpangilio wa kufunga, na namba zake hukusaidia kuagiza kifaa sahihi kwa wauzaji. Nimewahi kubaki na wosha moja mezani baada ya kufunga klachi, na ni katalogi iliyonionyesha ilikotoka, si kitabu cha matengenezo.

Mafaili ya vitabu vilivyoskaniwa nayaweka mwisho. Mara nyingi mchoro wa nyaya, ambao kwenye kitabu hukunjuliwa, umekatwa pale palipokuwa na mkunjo, na hapo ndipo waya unaoufuata hupotea. Mchoro kamili hutumika hata ukiwa wa rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa kila waya una herufi yake: N ni kahawia unaotoka betri, W ni mweupe wa swichi, G ni kijani uliopitia fyuzi, na B ni mweusi wa bodi. Buluu imepewa U, jambo linalowachanganya wengi siku za mwanzo.

Ukinunua kitabu kilichotumika, fungua kwanza kurasa za nyaya, kisha za injini. Alama za vidole vyenye oili zisikukimbize, kwani zinaonyesha kurasa zilizofanyiwa kazi. Ukurasa uliochanika penye jedwali la vipimo ndio wa kukufanya urudishe kitabu kwenye rafu.