Kibakuli cha kuku cha Jingdezhen: uzoefu wangu, na bado nina hasira

Jamani lile duka la Jingdezhen, ule mji wa vyombo vya kaure kule China, mtaa wa karibu na makumbusho ya tanuri za kifalme, msiende. Nilinunua nakala ya kibakuli cha kuku, yaani kilichochorwa jogoo na kuku, cha enzi ya mfalme Chenghua wa China (1465–1487), kile ambacho kimoja cha asili kiliuzwa mnadani Hong Kong 2014 kwa dola kama milioni 36, wakaniapia changu kimechorwa kwa mkono mwanzo mwisho. Nafika hotelini nakigeuza kwenye taa, mkia wa jogoo umekatika! Yaani pale ncha mbili za picha zilipokutana, nyekundu huku, nyekundu kule, katikati kijistari cheupe. Stika tupu.

Hii kazi inajulikana inavyofanywa bwana. Mchoraji anaanza na mistari ya buluu juu ya udongo, inapakwa glezi (ule utando wa kung'aa kama kioo), inachomwa moto wa nyuzi 1,300 hivi, ndo baadae nyekundu, kijani na njano zinajazwa juu ya glezi na kuchomwa tena kwa moto mdogo. Ukipitisha kidole unasikia rangi zimeinuka kidogo ila buluu huisikii kabisa. Changu kidole kinateleza tu kote sawasawa.

Nikarudi kistaarabu, salamu nimetanguliza, namwonyesha ule mkia, jamaa hata hakukishika, akaongea na simu yake ikatafsiri: nyie mnataka vya bei rahisi alafu mnalalamika. Bei rahisi?! Ile hela nanunua seti nzima ya vyombo Kariakoo na chenji nabaki nayo.

Na pale jirani makumbusho yamejaa mabakuli yaliyounganishwa vipande kwa vipande, kwa sababu enzi za Ming, ukoo wa huyohuyo Chenghua, chombo cha mfalme kikitoka tanurini na kasoro kidogo tu kinavunjwa na kufukiwa palepale, asije mtu mwingine akakitumia. Ardhi hiyohiyo leo unauziwa jogoo asiye na mkia! Sisi watu wa pwani mabakuli ya Kichina tumeyaheshimu mpaka wazee wakayajengea kwenye nguzo za makaburi kule Kunduchi, alafu mtu anakujibu hivyo.

Ila haki ya Mungu udongo wenyewe siwezi kuusema vibaya, ukikiinua kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole upande wa pili, kitako kimechongwa laini, ukikigonga kinalia vizuri. Nilishaandika nyota sifuri nikaona nimpe mbili aliyekifinyanga, yeye hana kosa. Nimekiangalia tena sasa hivi huku naandika, ule mkia... hapana, moja. Na hela yangu hawajarudisha mpaka leo.