Uzoefu wangu: laptopu ya mtumba, mshale unatembea wenyewe, na laki nusura iende bure

Mi nina steshenari ndogo huku Tabata, meza mbili na mashine moja ya fotokopi. Kazi zetu mnazijua, kuchapa CV, barua za maombi, kuskani vyeti, mwanafunzi analeta risachi saa mbili usiku anaitaka asubuhi. Mwaka jana mwanzoni nilinunua laptopu ya mtumba Kariakoo kwa laki nne na themanini, zile zilizotumika maofisini Ulaya, kava la alumini, nzito kidogo ila kibodi yake tamu kweli. Jina la kampuni sitaji maana mtaona mbele huko kampuni haikuwa na kosa. Miezi kama kumi nimeitumia bila shida yoyote, dukani inawaka toka saa mbili asubuhi mpaka nafunga, na muda wote huo iko kwenye chaji (hili la chaji lishikeni, tutalirudia).

Sasa shida ilianzaje. Kuna kaka mmoja alikuja kuchapisha barua ya kuomba kazi ya udereva, kasimama pembeni yangu ananisomea. Nachapa, macho yangu kwenye karatasi yake, nikiinua kichwa naona "YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDE" halafu "REVA" imeenda kukaa juu kabisa kwenye sanduku la posta. Nikafuta nikarudia, ikaruka tena. Yaani kasa, kile kijistari kinachoonyesha herufi inaingia wapi, inahama yenyewe (sio kasa wa baharini, yule angekuwa mpole) na mshale nao unatetemeka kwenye skrini kama nzi kwenye kioo. Mara ukafungua dirisha lingine, mara ukakuza maandishi mpaka herufi moja ikajaa skrini nzima. Yule kaka akaniuliza, dada hii mashine yako ina virusi? Mi mwenyewe nikaamini ni virusi, nikaskani usiku kucha, hamna kitu.

Nikaanza kuhangaika na setingi. Kwenye Windows ukiingia sehemu ya tachipedi, kile kibao chini ya kibodi cha kusogezea mshale kwa kidole, kuna ngazi nne za wepesi wa kuhisi, nikaishusha mpaka ya chini kabisa. Ikasaidia kidogo kwenye kuchapa tu, maana ni kweli wengi wetu tunalaza viganja na lile shina la kidole gumba linaigusa tachipedi bila wewe kujua. Ila mshale kutembea hata nikiwa nimeinua mikono yote juu, hiyo sio habari ya kiganja tena. Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta akaja Jumapili, akarudisha draiva ya zamani (ile programu inayoiongoza tachipedi), akaweka mpya, wapi. Akaja na flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta mbali na Windows, akaiwashia humo bila kugusa Windows yangu, mshale ukatetemeka vilevile. Akaniambia mama mdogo, hapa draiva tuiachie, hili tatizo ni la vyuma. Kwa hilo nampa maksi zake, maana lilinipunguzia mawazo, nisingelipia mtu kupiga Windows upya.

Nikaipeleka kwa fundi wa kwanza, huko huko mjini. Kaiwasha, kaigusa dakika moja, kasema sista tachipedi imekufa, laki moja na ishirini na ufundi humo humo, acha uje kesho. Hajafungua hata skrubu moja. Na kitu kilichonishangaza, pale kwake mshale ulikuwa umetulia tuli, nikamwambia mbona hapa haifanyi, akasema ndio zinavyokufa hizo, zinaanza kidogo kidogo. Nikabeba laptopu yangu nikarudi nayo kwenye daladala, hela sina na moyo umekataa.

Nyumbani ndio nikaanza kujiuliza, kwa fundi ilikuwa na tofauti gani? Ilikuwa haiko kwenye chaji! Nikachomoa chaja, mshale umetulia. Nikachomeka, nzi kwenye kioo. Chomoa, kimya. Nilifanya hivyo kama mara kumi kama mtoto na swichi ya taa. Halafu nikakumbuka ile chaja iliyokuja na laptopu ilikatika waya, nikanunua nyingine barabarani kwa elfu ishirini na tano, na wiki ileile ndio vituko vilianza, ila kichwa hakikuunganisha.

Chaja ya mwanzo waya wake wa ukutani ulikuwa ule wa tundu tatu, mdomo kama jani lenye vidole vitatu. Hii mpya ni tundu mbili, waya wa redio kabisa. Maandishi mgongoni yanafanana, volti sawa, ampia sawa, ila haina ethi, ule waya wa tatu wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Na dalili nilikuwa nayo siku zote bila kuijua: nikipitisha mkono taratibu kwenye kava la alumini nahisi kama kunanitekenya, kamkwaruzo fulani hivi, na nikivua ndala nikakanyaga sakafu ya simenti ndio inazidi. Mi nilidhani ni uchovu wa mikono.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Tachipedi haisikii uzito wa kidole kama kitufe, chini yake kuna vinyaya vingi vimesukwa kama wavu, kidole kikisogea umeme mdogo uliopo pale unabadilika na yenyewe inajua uko wapi, ndio maana ukiigusa na mfuniko wa plastiki wa kalamu haijibu. Sasa chaja isiyo na ethi, hasa hizi za bei chee, inaruhusu umeme mchafu upande kwenye kava, tachipedi inaona vidole visivyokuwepo, inafuata vidole vya mizimu. Kuna wenzangu wana chaja nzuri ya tundu tatu na bado wanalalamika, waangalie ekstensheni yao, nyingine kwa nje ni tundu tatu ukiifungua ndani kuna waya mbili tu.

Nikapata chaja yenye ethi kwa elfu arobaini na tano, nikachomeka ukutani moja kwa moja, raha. Nikaona nimemaliza.

Wiki tatu hazijaisha mshale ukaanza tena. Na safari hii chaja ipo au haipo yote sawa. Hapo nilitaka kulia jamani. Ila haikuwa kutetemeka kama mwanzo, ilikuwa inavutika upande wa kulia taratibu, na kukliki kumekuwa kugumu, unabonyeza kama unabonyeza meza. Nikaweka rula juu ya tachipedi, rula inabembea. Nikaifunga laptopu, mfuniko hausogei mpaka mwisho. Nikaiweka mezani, inayumba kama stuli yenye mguu mfupi.

Safari hii nilienda kwa mzee mmoja hapa hapa mtaani, anatengeneza redio na feni, kompyuta pia. Shikamoo, marahaba, akaigeuza akaipapasa tumbo tu akasema, mwanangu hii usiichaji tena hata dakika. Akazima, akafungua skrubu kumi akizipanga kwenye kifuniko cha mafuta ya mgando kwa mpangilio zilivyotoka. Kava lilipotoka nikaona betri imevimba kama chapati inapopata moto, imejaa gesi, na imekaa chini ya tachipedi kabisa kwahiyo inaisukuma kwa chini. Tachipedi ya watu ilikuwa nzima! Nikimkumbuka yule wa laki na ishirini...

Mzee akaniuliza inakaa kwenye chaji muda gani, nikamwambia siku nzima. Akacheka. Betri hizi za lithiamu kukaa zimejaa asilimia mia kwenye joto, siku baada ya siku, zinazeeka haraka, na duka langu bati tupu bila dari. Betri mpya themanini na tano, ufundi kumi na tano, jumla laki. Ile mbovu aliitoa kwa mkono bila kuichokoa na bisibisi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga nje, akamfukuza mtoto aliyekuja na kijiti. Akaniambia isije ikachanganywa na zile taka tunazochoma jioni, ikitoboka au ikipata moto inalipuka.

Sasa hivi ni mwezi wa nne. Laptopu nzuri, naipa nne kwa tano, hiyo moja naikata kwa sababu kona ya kushoto ya tachipedi ilishapinda kidogo na kukliki pale mpaka ubonyeze mara mbili. Mzee nampa tano na soda. Nikichapa sana natumia mauzi ya waya na tachipedi nimeizima, kuna sehemu kwenye setingi unaiambia ijizime mauzi ikichomekwa, ningeijua mapema zile wiki za mwanzo nisingefukuza wateja. Chaji nachomoa mchana, nachomeka ikishuka.

Ile chaja ya barabarani ilikuwa kwenye droo mpaka juzi, jirani wa saluni akaiona akaiomba. Nikamwambia chukua waya peke yake, unaingia kwenye redio yako, hilo boksi niachie.